USHUHUDA SI SHERIA: NENO KWA ANAYETAFUTA USHAURI WA KWENDA NG'AMBO



Neno la leo ni refu kidogo kuliko kawaida. Chukua chai yako, keti, usome mpaka mwisho. Kama nyumbani kwako kuna kijana mwenye pasipoti mpya, au anayeitafuta, msomee na yeye.

Fungua nami Hesabu sura ya 13. Musa aliwatuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani, na kila mmoja wao alikuwa kiongozi katika kabila lake. Walikaa huko siku 40. Walitembea nchi moja, wakaona miji ileile, wakarudi na kichala kimoja cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Walipotoa taarifa yao ya kwanza, kuhusu maziwa na asali na miji yenye kuta, hakuna aliyempinga mwenzake. Lakini swali lilipokuwa "twende au tusiende?", kumi walisema haiwezekani na wawili wakasema twende. Kisha hofu ikaongeza chumvi, wale kumi wakaanza kusema nchi ile inawala wakaaji wake.

Angalia jambo hili vizuri. Watu kumi na wawili walikuwa wamefika huko kwa miguu yao wenyewe, na bado taifa zima lilipotea miaka 40 jangwani kwa sababu halikutenganisha kitu walichokiona na maoni waliyoyatoa.

Nimekumbuka sura hiyo kwa sababu ya maswali ninayopokea. Siku hizi, kati ya jumbe za maombi, sikosi moja kama hii: "Pastor, kuna grupu la Wakenya wako Canada, wanasema fanya hivi. Nifuate?" Mwingine ni Ujerumani, mwingine Qatar, mwingine Uingereza. Na usicheke, hatuzungumzii ule mtaa wetu wa London hapa Nakuru unaofika kwa matatu. Huyu anayeuliza tayari baba yake ametoa hatimiliki ya shamba la Njoro, au mama yake anauza ng'ombe wa maziwa kule Bahati, au chama kimekubali kumkopesha. Ushauri ukiwa mbaya, hatapoteza nauli peke yake. Familia nzima itarudi nyuma miaka mingi.

Kwa hivyo acha niseme msimamo wangu wazi.

Mimi siko pamoja na wanaosema kila kitu cha mtandaoni ni utapeli. Yale magrupu ni baraka. Zamani kijana wa Molo au Gilgil aliyetaka kujua habari za ng'ambo alikuwa na njia mbili tu. Njia ya kwanza ni ajenti, ambaye anakula kutokana na wewe kuondoka, uwe utafika salama au hutafika. Ya pili ni jamaa aliye huko, ambaye hashiki simu. Leo kuna nesi aliyemaliza zamu ya usiku, miguu inamuuma, lakini kabla hajalala anamjibu mtu asiyemjua: "Dada, hiyo barua ya kazi uliyotumiwa ni ya uongo, usilipe." Hajalipwa hata shilingi. Mbinguni hilo linaandikwa.

Biblia inamjua mshauri wa namna hiyo. Soma Kutoka 18. Yethro alimwona mkwewe Musa akichoka na kazi ya kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Akamwambia ukweli usoni, akampa mpango wa kugawa kazi, kisha akarudi zake nchini kwake. Hakuomba asilimia. Kila Mkenya anayeshauri wenzake bure na kwa ukweli ana roho ya Yethro, na mimi namheshimu.

Lakini sasa sikiliza, mtu wa Mungu. USHUHUDA SI SHERIA.

Sisi Wapentekoste tunalielewa hili kuliko watu wengi. Jumapili dada anasimama kanisani, anasema jinsi Bwana alivyomponya. Tunapiga makofi, tunalia, imani inapanda. Lakini hatutoki pale na fundisho kwamba kila mgonjwa afanye hasa kama dada alivyofanya. Ushuhuda unatuambia Mungu alimtendea nini mtu huyu, siku ile, katika hali ile. Fundisho tunalitoa kwenye Neno. Ndivyo ilivyo na visa. Ndugu yako akisema "mimi niliingia hivi," huo ni ushuhuda wa kweli. Sheria ya leo iko kwa wenye nchi yao, kwenye tovuti ya serikali yao na kwenye ubalozi wao.

Tazama mifano mitatu.

Wa kwanza, Uingereza. Wakenya wengi walienda kule kwa visa ya kazi ya kutunza wazee, na wengine wakaenda na mume au mke na watoto. Mtu aliyeenda mwaka 2022 akikuambia "nenda na familia yako," anasema ukweli wake. Lakini tangu tarehe 11 Machi 2024, wanaoomba upya kwa kazi hiyo hawaruhusiwi kwenda na familia. Na tangu tarehe 22 Julai 2025, waajiri wa kazi hiyo hawaruhusiwi tena kuleta wafanyakazi wapya kutoka nje. Mshauri wako hakudanganya. Ushauri wake ulikufa naye hajui, na wewe ukiuza shamba kwa neno la 2022 utafika mlangoni ukute umefungwa.

Wa pili, Canada. Kwa miaka mingi, mwanafunzi anayesafiri peke yake aliambiwa aonyeshe dola 10,000 za Canada za kujikimu, mbali na karo na nauli. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kiasi hicho kikapanda kuwa dola 20,635. Tarehe 1 Septemba 2025 kikapanda tena, 22,895. Kijana anayefuata ushuhuda wa 2023 atapeleka nusu ya pesa zinazotakiwa, na ada ya maombi haitarudi.

Wa tatu, Ujerumani. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Mara moja habari ikazagaa kwamba Wakenya 250,000 wamepewa kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikajitokeza hadharani kukanusha: mkataba ule haukutaja idadi yoyote. Maana yake, mlango upo, lakini kila mtu anaupita kwa vyeti vyake, kwa lugha ya Kijerumani aliyosoma, na kwa mwajiri wake. Hakuna basi la watu 250,000 linalosubiri pale stendi. Na bado kuna watu waliolipa "kujiandikisha" ili wasikose nafasi katika idadi ambayo haikuwepo.

Sasa utamjuaje mshauri wa kuaminika? Nakupa alama tano. Ziandike.

1. Anakuonyesha mahali pa kuthibitisha. Mshauri mwema hachoki kusema, "usiniamini mimi, ingia hapa kwenye tovuti ya serikali usome mwenyewe." Soma Matendo 17, habari za watu wa Beroya. Walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, kisha wakachunguza Maandiko kila siku waone kama ni kweli. Paulo hakukasirika, na Biblia inawasifu. Mshauri anayekasirika ukimwambia "ngoja nithibitishe," mwogope.

2. Anataja mwaka na njia yake. "Nilikuja 2021, kwa visa ya masomo, nikiwa sina familia." Hapo unajua ushuhuda wake unafika wapi na unakoma wapi. Aliyeenda kwa masomo huenda hajui lolote kuhusu visa ya kazi, hata kama ameishi huko miaka kumi.

3. Anajua kusema "sijui." Neno hilo ni dogo lakini ni la thamani. Mtu mwenye jibu la kila nchi, kila visa, kila umri, anatafuta kitu.

4. Anajibu mbele ya watu. Faida ya grupu ni kwamba mmoja akikosea, wengine watano wanamsahihisha. Mithali 18 inatufundisha kwamba anayeanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Anayekuambia "njoo pembeni nikueleze, hapa kuna watu wabaya" amekutoa kwenye mashahidi. Ukiitwa pembeni, rudi mezani.

5. Hana mkono kwenye mfuko wako. Ushauri ulianza bure, wiki ya pili kuna "kahawa," ya tatu kuna "faili," ya nne kuna namba ya M-Pesa ya mtu mwingine. Huyo hakuwa mshauri, alikuwa ajenti aliyevaa nguo za ndugu.

Na kuhusu nguo za kuvaa, soma Yoshua 9. Wagibeoni walikaa karibu tu, lakini walivaa viatu vilivyochakaa na nguo kuukuu, wakabeba mkate mkavu wenye ukungu, wakasema tumetoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli waliukagua mkate, wakaamini, wakaapa. Biblia inasema hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu wakajua kwamba hao ni majirani. Wapendwa, picha ya mtu amesimama kwenye theluji na koti zito ni mkate wa Wagibeoni. Lafudhi ya ng'ambo kwenye sauti aliyokurekodia ni viatu vya Wagibeoni. Anaweza kuwa yuko chumbani mji huu huu wa Nakuru.

Si hadithi za kutisha watoto. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikisaidia kuwarudisha Wakenya kutoka Myanmar. Waliahidiwa kazi nzuri nchini Thailand, wakavushwa mpaka, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta usiku na mchana. Wengi ni vijana waliosoma. Hawakuwa wajinga. Walikosa mtu mmoja wa kuwaambia mapema, "huyo mwajiri hayupo."

Msiamini mhuri peke yake pia. Majirani zetu wa Uasin Gishu wanajua. Wazazi walilipa karo ya watoto wao kwenda Finland kupitia mpango uliobeba jina la kaunti. Wengine walikopa, wengine waliuza mali. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba karo za wanafunzi wengi hazikuwa zimefika vyuoni, wazazi wakaandamana Eldoret, na jambo likafika mahakamani.  Lakini somo la mzazi ni rahisi: hata kama anayepokea pesa ana ofisi na bendera, chuo chenyewe kina barua pepe. Andika, uliza, "karo ya mtoto wangu imefika?" Swali hilo halilipiwi.

Sasa ya sheria, kwa sababu wengi hamjui. Nchini Canada, anayetoza pesa kukushauri au kukujazia maombi ya uhamiaji lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa au mshauri mwenye leseni ya College of Immigration and Citizenship Consultants. Jina lake unalitafuta mwenyewe bila malipo kwenye orodha yao. Ndugu yako anaweza kukusaidia bure, lakini akianza kutoza bila leseni amevunja sheria. Nchini Uingereza, tangu sheria ya 1999, ni kosa la jinai kuendesha kazi ya ushauri wa uhamiaji bila usajili, hata kama kazi hiyo si ya faida. Msimamizi wake anaitwa Immigration Advice Authority, naye ana orodha. Na waajiri wa Uingereza wenye kibali cha kuajiri kutoka nje wameorodheshwa hadharani na serikali yao. Mwajiri akikosekana kwenye orodha, hiyo kazi haipo, hata kama barua ina nembo tatu.

Hapa Kenya, mawakala binafsi wa ajira za ng'ambo husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA. Kabla hujatoa kitambulisho chako, achilia mbali pesa, angalia kama jina la kampuni limo kwenye orodha yao na kama usajili haujaisha. Kwa mabinti wanaoelekea Saudia kwa kazi za nyumbani, kule kuna mfumo wa serikali yao unaoitwa Musaned ambao mikataba hupitia. Uliza mkataba wako, usome kabla ya kuweka sahihi, na uache nakala kwa mama nyumbani. Mama, usikubali mtoto apande ndege kabla hujashika karatasi hiyo mkononi.

Kuna mtu ananiambia, "Pastor, haya ni mambo ya kimwili. Sisi tunaomba tu, mlango utafunguka." Ndugu yangu, soma Nehemia sura ya 2. Nehemia alikuwa mtu wa maombi kweli kweli. Alifunga, akalia, na hata mbele ya mfalme aliomba kimoyomoyo kabla ya kujibu. Kisha akafanya nini? Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wamruhusu kupita mpaka afike Yuda. Hiyo ndiyo visa! Akaomba barua nyingine ya mbao. Na barua hizo alizichukua kwa mfalme mwenyewe, mwenye mamlaka ya kuzitoa. Hakuzinunua kwa mtu wa langoni aliyesema "mimi najuana na mfalme." Maombi hayakumzuia kufuata utaratibu. Maombi yalimpa ujasiri wa kuufuata.

Ndiyo maana nasema kwa upendo, hata kwa watumishi wenzangu: madhabahu si mahali pa kutangazia maajenti. Mtu akija na bahasha akitaka tuwaambie vijana kuna nafasi 50 za kazi Qatar, mchungaji akisema "Amina" tu, washirika watalipa kwa sababu ya ile Amina. Kondoo wanaamini sauti ya mchungaji, na hiyo imani haiuzwi. Na anayekuambia upande mbegu ya shilingi kadhaa ili visa itoke, muulize Nehemia alipanda ngapi.

Neno kwa ninyi mlio ng'ambo mnaosoma hapa. Najua mpo, naona "Amina" zenu usiku wa manane. Msichoke kuwajibu ndugu zenu. Wapeni ukweli wote. Ukituma picha ya gari, tuma na habari ya kodi ya nyumba, baridi, zamu mbili, na upweke wa Krismasi. Sema ulikuja mwaka gani. Sema "sijui" bila aibu. Na usifunge mlango nyuma yako kwa kuogopa kwamba wengine wakija utapungukiwa. Wale wapelelezi kumi walikuwa na habari sahihi kuhusu kuta, lakini hofu ndani yao ilikula miaka ya watoto wa wenzao. Wewe uwe Kalebu: ona kuta, zitaje kuta, na umwambie ndugu yako kwa haki kama anaweza au hawezi.

Ombi langu kwenu washirika ni dogo. Wiki hii, kama una safari mbele yako, chukua karatasi. Upande mmoja andika yote uliyoambiwa na watu. Upande wa pili andika yale uliyoyasoma mwenyewe kwa wenye nchi, pamoja na tarehe ya kuyasoma. Mstari wowote usio na mwenzake upande wa pili usiulipie hata shilingi. Onyesha karatasi hiyo wazazi wako. Kisha tuombe pamoja. Musa naye katika Kumbukumbu la Torati 19 alitaka mashahidi wawili au watatu kabla neno halijathibitishwa, na hiyo ilikuwa kesi ya jirani na jirani. Shamba la baba yako linastahili angalau wawili.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, ninawaleta mbele zako vijana wa Nakuru, Naivasha, Njoro, Molo na Bonde la Ufa lote wanaotafuta njia. Wape wa kuwasaidia wenye roho ya Yethro. Fichua kila mkate wa Wagibeoni. Linda hatimiliki za wazee wetu na jasho la mama zetu. Walio tayari mbali, katika nyumba za watu na mahospitali na barabara za ugeni, wafunike. Walionaswa, wafungulie. Na mlango ulioufungua wewe, Bwana, uwe ni mlango wa ukweli, wenye barua halali, mtu apite mchana kweupe. Katika jina la Yesu, AMINA.

Kama unamjua mtu anayekaribia kulipa, mtumie neno hili kabla hajalipa. Na kama una swali, uliza hapa hapa chini mbele ya watu wote, ili anayejua akusaidie na anayekosea asahihishwe.